Mdogo wangu ananizidi kilo 19, mbona sukari imepanda kwangu?

"Nina miaka 44, urefu sentimita 160, uzito kilo 63. Mikono na miguu yangu ni myembamba, lakini tangu nivuke miaka 40 tumbo limenijaa. Mdogo wangu wa kike tumelingana urefu. Yeye ana kilo 82, nyonga na mapaja makubwa. Juzi tulipima afya pamoja. Yeye kila kitu kilitoka sawa. Mimi sukari kabla ya kula ilikuwa 6.2 na trigliseridi 2.3, nikaambiwa nipunguze tumbo. Nipunguze nini wakati uzito wangu ni wa kawaida? Kiuno changu ni sentimita 93 na nyonga 98. Mdogo wangu kiuno 84, nyonga 116. Nimeanza mazoezi ya tumbo mara 100 kila asubuhi na ninafunga mkanda wa kubana. Je, vipimo vimekosewa? Na upasuaji wa kunyonya mafuta utanisaidia?"

Pole kwa mshtuko, dada yangu. Nielewavyo, kinachokusumbua ni kwamba umeishi ukiamini mwembamba yuko salama na mnene yuko hatarini, na sasa majibu yamekuja kinyume. Kipimo kimoja cha sukari kinaweza kukosea, na nitakueleza jinsi ya kukirudia. Lakini ukisoma namba zako zote kwa pamoja, zinakubaliana. Sukari yako, trigliseridi zako (yaani mafuta yaliyo kwenye damu) na kiuno chako vinaelezea jambo lile lile: mafuta yako, ingawa ni machache kuliko ya mdogo wako, yamekaa mahali pabaya zaidi.

Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, hesabu ile inayotumika hospitalini, wewe unapata 24.6, chini kidogo ya 25 ambapo uzito uliozidi unaanzia. Mdogo wako anapata 32, ambao tayari ni unene. Hesabu hiyo ina kazi yake, ila haitofautishi kilo ya msuli na kilo ya mafuta, wala haijui mafuta hayo yako pajani au yamezunguka utumbo. Watu wawili wanaweza kuwa na namba moja na miili tofauti kabisa kwa ndani. Jambo hili halikugunduliwa leo: mwaka 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, aliandika kwamba wanawake waliojaa sehemu ya juu ya mwili ndio waliokuwa wakipata kisukari na magonjwa ya mishipa zaidi ya waliojaa nyonga na mapaja. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52, ulionyesha kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unahusiana na mshtuko wa moyo kwa nguvu kuliko hesabu ya uzito na urefu.

Sasa tuingie ndani ya tumbo lenyewe. Simama wima, legeza tumbo, kisha bana kwa vidole nyama ya pembeni mwa kitovu. Kile unachoweza kukishika ni mafuta ya chini ya ngozi. Mafuta ya ndani huwezi kuyashika, kwa sababu yako nyuma ya ukuta wa misuli: kwenye pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, kwenye utando unaoushikilia utumbo, na kuzunguka figo. Yakiongezeka husukuma ukuta wa misuli kwenda mbele. Ndiyo maana mtu mwenye mafuta mengi ya ndani mara nyingi tumbo lake ni la mviringo na gumu kwa kubonyeza, huku nyama ya kubana kwa vidole ikiwa haba. Mwenye mafuta ya chini ya ngozi tumbo lake huwa laini, lenye mikunjo. Njia hii haitoi namba, na wengi wana mchanganyiko wa yote mawili, lakini ukilinganisha tumbo lako na la mdogo wako nadhani utaona tofauti.

Mafuta ya ndani yana tabia mbili zinazoyafanya yawe ya hatari. Kwanza, huyeyuka upesi. Insulini, homoni inayodhibiti sukari, kwa kawaida huziamuru seli za mafuta zitulie baada ya mlo, zisiachie mafuta kwenye damu. Seli za ndani ya tumbo huisikia amri hiyo kwa udhaifu, na homoni ya adrenalini huzichochea kirahisi. Pili, damu nyingi inayotoka huko hupitia mshipa unaoingia moja kwa moja kwenye ini kabla ya kuzunguka mwili. Ini likipokea mafuta mfululizo hufanya mambo yanayoonekana kwenye karatasi yako: hutengeneza trigliseridi nyingi na kuzimwaga kwenye damu, na huendelea kutoa sukari usiku kucha hata wakati haihitajiki. Ile 6.2 uliyopimwa asubuhi kabla ya kula, kwa sehemu kubwa, ni sukari iliyotoka kwenye ini lako. Ndiyo maana mtu anaweza kula kidogo usiku na bado akaamka na sukari iliyopanda.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu watu wengi huishia hapo na kuacha nusu ya maelezo. Mafuta ya ndani si chanzo pekee cha tatizo. Kwa kiasi kikubwa ni ishara kwamba hifadhi salama imejaa. Ichukulie ngozi ya nyonga, mapaja na makalio kama ghala la familia. Ghala likiwa kubwa, mavuno ya ziada huingia na kukaa humo miaka bila kumsumbua mtu. Likiwa dogo, magunia huanza kupangwa jikoni na vyumbani. Mwilini, jikoni na vyumbani ni ini, misuli, kongosho na kuzunguka moyo. Ushahidi mzito wa jambo hili unatoka kwa watu wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa kukosa mafuta ya chini ya ngozi. Kwa nje wanaonekana wakavu wenye misuli, lakini hupata kisukari kikali, ini lenye mafuta na trigliseridi za juu mno, kwa sababu mafuta hayana pa kwenda.

Kwa hiyo nyonga na mapaja ya mdogo wako yanamfanyia kazi. Seli za mafuta za eneo hilo hupokea mafuta baada ya mlo, huyashika kwa nguvu, na huyaachia polepole. Homoni ya estrojeni husaidia kuyaelekeza huko, na ndiyo sababu wanawake wengi katika umri wa kuzaa hujaa chini ya kiuno. Unapokaribia kukoma hedhi, estrojeni huanza kuyumba kisha kushuka, na mafuta mapya huelekea tumboni hata kama uzito hausogei. Wewe una miaka 44. Kusema kwamba tumbo lilianza baada ya 40 kunaendana kabisa na mabadiliko hayo.

Na urithi? Upo, na una nguvu. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 1990, jozi 12 za mapacha wa kiume wanaofanana zililishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 84 ndani ya siku 100. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, lakini kati ya mtu na mtu ongezeko lilianzia kilo 4.3 hadi 13.3. Ndani ya jozi moja, pacha na pacha walifanana, hasa katika mafuta ya ndani ya tumbo. Ninyi ni ndugu, si mapacha wanaofanana, hivyo kila mmoja amerithi ghala lake. Usijilaumu kana kwamba umekula vibaya kumzidi mdogo wako. Yawezekana unakula kidogo kuliko yeye.

Kabla ya kupanga chochote, pima kiuno upya, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kiuno cha kitabibu si pale sketi inapokaa, wala si kitovuni. Tumia futi kamba ya fundi cherehani isiyovutika. Ondoa nguo eneo la tumbo, simama miguu ikiwa imekaribiana, mikono ikining'inia. Kwa upande wa mwili wako, papasa mbavu ya chini kabisa unayoweza kuihisi, kisha papasa kilele cha mfupa wa nyonga. Weka alama katikati ya sehemu hizo mbili. Zungusha futi kwenye alama hiyo ikiwa sambamba na sakafu, na ujitazame kwenye kioo kuhakikisha haijashuka mgongoni. Iguse ngozi bila kuibana. Vuta pumzi, itoe kawaida, na usome namba mwishoni mwa kutoa, bila kunyonya tumbo ndani. Rudia mara ya pili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, anza upya. Nyonga pima pale makalio yalipotokeza zaidi. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kula, na mkanda wa kubana uwe umevuliwa tangu usiku, kwa sababu huacha alama na kudanganya kipimo.

Tukichukua namba ulizoniandikia, kiuno chako ukigawanya kwa nyonga ni 0.95. Shirika la Afya Duniani linahesabu 0.85 na kuendelea kuwa hatari kwa mwanamke, na 0.90 kwa mwanamume. Kiuno peke yake: kwa mwanamke hatari huanza kupanda ikizidi sentimita 80 na huwa kubwa ikizidi 88; kwa mwanamume ni 94 na 102, ingawa kwa watu wenye asili ya Asia viwango vya wanaume hushushwa hadi 90. Kipimo rahisi kuliko vyote, ambacho mimi ningekushauri ukishike, ni kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya urefu wako ni 80. Wewe uko 0.58, karibu na 0.6 ambapo hatari huitwa kubwa.

Mdogo wako ana uwiano wa nyonga wa 0.72, mzuri sana. Lakini kiuno chake cha 84 nacho kimevuka nusu ya urefu, kidogo tu, 0.53. Usimwambie kwamba hana la kufanya. Damu yake ni safi leo, na hilo ni jambo la kushukuru, ila kilo 82 kwa urefu huo hulemea magoti, huweza kuleta kukoroma na kukatika kwa pumzi usingizini, na yeye pia siku moja hedhi itakoma na mafuta yataanza kuhama. Lengo lake liwe kutoongeza kiuno na apime sukari na shinikizo la damu kila mwaka. Akitaka kupunguza uzito ni vizuri, lakini hana sababu ya kuzichukia nyonga zake.

Sasa mazoezi ya tumbo mara 100. Yanaimarisha misuli ya tumbo, basi. Msuli hauchomi mafuta yaliyo jirani yake. Huchukua mafuta kutoka kwenye damu, na damu huyakusanya kutoka mwili mzima. Mwaka 1971 watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kubwa kwa miaka mingi kuliko mwingine. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene kwa misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa mikono yote miwili. Mkanda wa kubana ndio usiokusaidia kabisa: hausogezi hata gramu moja ya mafuta, jasho unaloliona ni maji, na ukibana sana husukuma tumbo juu na kuleta kiungulia na pumzi fupi. Uache leo. Chai na vidonge vya kukata tumbo navyo viache, kwani vingi huharisha tu, na baadhi vimekutwa na dawa zisizoandikwa kwenye pakiti.

Upasuaji wa kunyonya mafuta una jibu la wazi, kwa sababu umepimwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta ya tumboni. Baada ya wiki 10 hadi 12, insulini yao haikufanya kazi vizuri zaidi, shinikizo la damu na kolesteroli havikubadilika. Bomba la daktari hufika kwenye mafuta ya chini ya ngozi tu, yale unayoweza kuyabana kwa vidole. Halifiki ndani ya ukuta wa misuli wala kwenye ini. Kwako wewe ningesema hapana bila kusita: ungelipa gharama, ungebeba hatari ya upasuaji, na ungepunguza lile ghala dogo ulilo nalo.

Habari njema ni kwamba ule wepesi wa kuyeyuka unaoyafanya mafuta ya ndani yawe mabaya ndio unaoyafanya yawe ya kwanza kuondoka. Ukipunguza hata 5 hadi 7 kwa mia ya uzito, kwako ni kama kilo 3 hadi 4 na nusu, sehemu kubwa kuliko kawaida itatoka ndani ya tumbo na kwenye ini. Mazoezi hupunguza mafuta ya ndani hata pale mizani isipotikisika, hivyo futi kamba ndiyo iwe hakimu wako. Katika mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake yalitoka 2002, watu wenye sukari iliyopanda kidogo waliolenga kupunguza 7 kwa mia ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa 58 kwa mia. Wengi wao walikuwa wazito kuliko wewe, kwa hiyo usichukue namba hiyo kama ahadi, lakini njia ni hiyo hiyo.

Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki: mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza, gawanya sehemu yake iwe dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo mkubwa, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchota sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Siku 2 au 3 ongeza mazoezi ya nguvu, na hapa ndipo ningehamishia ule muda wa mara 100. Miguu yako myembamba ndiyo inayohitaji kazi. Kuchuchumaa na kuinuka kutoka kwenye kiti, kupanda ngazi, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kusukuma mwili dhidi ya ukuta: kila moja mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mizunguko 3. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu. Zikiwa rahisi, shika uzito mikononi. Msuli wa paja ni mkubwa, na kila ukiongezeka unapata mahali pengine pa kuweka sukari.

Kwenye chakula, anza na vinywaji vyenye sukari, juisi ikiwamo, kwa sababu sukari ya majimaji hufika kwenye ini haraka na kwa wingi. Pombe ni hivyo hivyo. Trigliseridi za 2.3 zinaweza kushuka kwa kuiacha tu, kama unatumia. Sahani yako iwe nusu mboga, robo chakula cha protini, robo wanga, na wanga huo uwe wa nafaka isiyokobolewa au jamii ya kunde. Kwa uzito wako, gramu 65 hadi 75 za protini kwa siku zinatosha kulinda misuli, ilimradi figo ni nzima. Nakusihi usijinyime chakula ukikimbilia matokeo. Mtu mwenye umbo lako akifunga kwa ukali hupoteza misuli ya miguu, na anabaki na umbo lile lile katika mwili dhaifu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo wa kutosha. Lala kwa muda wa saa 7 kila usiku, na kama unavuta sigara fahamu kwamba wavutaji huwa na viuno vikubwa kuliko uzito wao unavyoonyesha.

Utegemee nini? Kila kilo moja huondoka na takriban sentimita moja ya kiuno. Kwa hiyo ndani ya miezi 6 kufika 88 au 89 ni mafanikio halisi. 80 inaweza kuchukua muda mrefu zaidi, au usiifikie kabisa kwa urithi wako, na bado ini na sukari vikawa vimerudi mahali pake.

Rudia sukari kabla ya kula ukiwa umefunga kwa muda wa saa 8 au zaidi, pamoja na HbA1c, ambayo huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Sukari ya 6.1 hadi 6.9 ni hali inayotangulia kisukari, 7.0 na kuendelea, au HbA1c ya 6.5 kwa mia na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari chenyewe. Omba pia shinikizo la damu, kolesteroli nzuri na vimeng'enya vya ini. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za kufubaza virusi, kwani zinaweza kuhamishia mafuta tumboni huku mikono na miguu ikikonda.

Usisubiri, nenda hospitali mapema ikiwa tumbo limekua ndani ya wiki chache, limejaa upande mmoja, linauma, au limeambatana na miguu kuvimba au macho kuwa ya njano; hayo yaweza kuwa maji tumboni, uvimbe wa kizazi au wa ovari, na futi kamba haiwezi kuvitofautisha. Nenda mapema pia ukiona michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi inayochubuka ovyo na mapaja yanayoshindwa kukuinua kitini, kwa sababu hizo ni dalili za homoni ya kotisoli kuzidi. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila kukusudia ni sababu ya kupima sukari siku hiyo hiyo. Na mdogo wako, kama mapaja yake yanauma akiguswa, yanapata michubuko bila sababu, na yamenenepa sawa pande zote mbili huku nyayo zikibaki nyembamba, aonwe na daktari anayejua magonjwa ya mafuta ya miguu, maana hali hiyo haitibiki kwa kula kidogo tu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma ni dharura, kwa yeyote kati yenu.